LUKU, bajeti, tangazo au mchango: nani ailipie redio ya taifa?

Mvuvi wa dagaa anayeondoka mwaloni jioni ya giza, iwe Kirumba au Ukara, anahitaji kujua jambo moja kabla hajafika katikati ya Ziwa Victoria na kuwasha taa zake: upepo wa usiku huu ukoje. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, lakini utabiri hauendi wenyewe mpaka kwenye mtumbwi. Redio ndiyo huufikisha, ile ndogo ya betri iliyofungwa mpira ili kifuniko cha nyuma kisidondoke. Na ni vigumu kumpata mfanyabiashara wa kudhamini dakika tatu za upepo na mawimbi kwa wasikilizaji waliotawanyika visiwani, ambao wengi wao hawatanunua anachouza.

Kwa ajili ya kazi za namna hiyo ndipo palipo na haja ya utangazaji wa umma. Zipo nyingine: kumsikia mbunge wako anasema nini Dodoma, masomo kwa watoto shule zinapofungwa, taarifa ya mlipuko wa kipindupindu inayofika siku hiyo hiyo. Gharama zake lazima zitoke mahali, na sasa nchi nyingi zinabishana zitoke wapi, kwa sababu watu wamehamia kwenye simu na njia za zamani za kukusanya fedha zinalegea.

Nimeziweka njia zinazotumika sehemu mbalimbali upande kwa upande, nikizipima kwa macho ya mtu wa Mwanza. Kila moja nimeiuliza maswali matatu: nani analipa, nani anapanga kiasi, na fedha ikipungua ni nani anayenyamaziwa kwanza. Nisizungushe maneno: naegemea mchango mdogo unaokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini kwa masharti. Bila masharti hayo ningeukataa.

Leseni ya televisheni

Hii ndiyo njia ya Uingereza. Leseni ya televisheni ilianza huko mwaka 1946 kwa pauni 2 kwa mwaka. Tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50. Anayetazama matangazo ya moja kwa moja bila kuilipia anaweza kushtakiwa na kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Uzuri wake ni kwamba fedha ya BBC ina jina lake, haitoki kwenye kapu moja na fedha za barabara na magereza. Hata hivyo si kweli kwamba serikali haina mkono humo. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza iliamua leseni ibaki pauni 159 kwa miaka miwili huku bei za vitu zikipanda, na BBC ikalazimika kupunguza huduma. Hati ya kifalme inayoiendesha BBC inaisha mwishoni mwa 2027, ndiyo maana mjadala kule umepamba moto.

Afrika Kusini wana leseni ya namna hiyo hiyo kwa ajili ya SABC, shirika lao la utangazaji, randi 265 kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaotakiwa kulipa hawalipi, na shirika limebaki kuning'inia kwenye matangazo ya biashara na kuomba uokozi serikalini.

Kwa Mwanza sioni hata pa kuanzia. Nani atapanda vilima vya Mabatini, nyumba juu ya mawe, akigonga mlango kwa mlango kuuliza nani ana televisheni? Gharama ya kukusanya ingemeza kinachokusanywa. Tena leseni inafuata chombo, na chombo siku hizi ni simu. Njia hii naiacha.

Bajeti ya serikali

Hii tunaijua kwa sababu ndimo tulimo. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ya mwaka 1951, kupitia Radio Tanzania, hadi Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lililoanzishwa mwaka 2007, utangazaji wa taifa umeishi kwa fedha ya serikali, na baadaye kwa ruzuku ikichanganywa na matangazo ya biashara. Ina sifa moja kubwa ambayo wakosoaji huipita haraka: haihitaji mkusanyaji mpya wala tozo mpya, na mwenye nacho zaidi huchangia zaidi kupitia kodi zake. Wakati meli ya MV Bukoba inazama Mei 21, 1996, wengi wa kanda hii walikuwa bado wanategemea Radio Tanzania, na hakuna aliyekuwa ameulizwa kama amelipia.

Udhaifu wake unaonekana kwenye swali la pili. Anayepanga kiasi ni yule yule ambaye kazi zake zinatakiwa kuripotiwa, naye hupanga upya kila mwaka. Januari 2016 waziri wa habari alisimama bungeni na kutangaza kwamba TBC itasitisha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge, na sababu aliyoitoa ilikuwa gharama. Sihitaji kumshuku mtu nia ili nione tatizo. Pale ambapo kazi ya umma ya redio inategemea mfuko unaoweza kufungwa kwa tamko moja, kilichonyamazishwa kwanza kilikuwa kile kilichomhusu mwananchi zaidi.

Marekani wametuonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Shirika lao la kugawa fedha za utangazaji wa umma lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Julai 2025 Bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshaidhinishwa, na mwezi uliofuata shirika likatangaza kuanza kufunga shughuli zake. Miezi michache kabla, Machi 2025, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo kwa amri ya serikali. Idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa ikisikilizwa huku tangu miaka ya 1960, ilikumbwa pia. Msikilizaji wa Sengerema hakuwa na kura katika uamuzi huo.

Kuna nchi zilizojaribu kuitibu njia hii. Ufaransa walifuta ada yao ya euro 138 mwaka 2022 na badala yake wakatenga sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Finland wana kodi maalumu ya utangazaji tangu 2013: siku hizi ni asilimia 2.5 ya kipato kinachozidi kiwango fulani, na kuna kikomo kwa mtu. Inaingia kwenye mfuko wa pembeni, nje ya bajeti ya kawaida. Mfumo wa Finland naupenda kwa haki yake. Lakini unadai kwamba kipato cha kila mtu kinajulikana. Ukiuhamishia hapa, watakaokatwa ni mwalimu wa Nyakato na muuguzi wa Bugando, kwa kuwa wao wana hati za mshahara, huku tajiri mwenye mitumbwi kumi na injini zake akipita pembeni. Mzigo huo tayari wanaubeba kwenye mambo mengi.

Matangazo ya biashara, na king'amuzi cha kulipia

Mwanza tuna haki ya kujivunia redio na televisheni binafsi. Radio Free Africa na Star TV zilikulia hapa hapa na zikasikika nchi nzima wakati vyombo vikubwa vingine vilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo sisemi kwamba biashara haiwezi kuleta utangazaji mzuri. Nasema inaelekea palipo na mnunuzi. Masafa ya FM husafiri kwa kuonana, hayapindi kilima kirahisi. Mtambo wa ziada wa kufikia kisiwa chenye kaya mia chache hauna hesabu inayoutetea mbele ya mhasibu.

Halafu kuna jambo linalowaumiza hao hao wa binafsi. Shirika la umma likienda sokoni kutafuta tangazo la bia au la kampuni ya simu, linagombania fungu lile lile dogo na redio ya mtaani kwako, tena likiwa limebebwa na ruzuku. Wajerumani wameliona: vituo vyao vikuu vya umma vinaruhusiwa matangazo ya dakika 20 tu kwa siku za kazi, kabla ya saa 2 usiku. Kwetu, wizara na taasisi za serikali nazo ni watangazaji wakubwa, hivyo anayedhani tangazo litaipa redio ya taifa uhuru aangalie kwanza ni nani anayelipa tangazo hilo.

Kulipia kwa mwezi kama king'amuzi ni wazo linalotajwa sana Uingereza. Kwa redio haliwezekani, maana redio haina kufuli. Kwa televisheni tulishaonja kidogo: mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozuia baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kubeba chaneli za ndani za bure, zipo nyumba zilizojikuta na ving'amuzi viwili chini ya televisheni moja, na nyumba zisizo na uwezo wa viwili zikakaa bila taarifa ya habari.

Michango na wafadhili

Kwa redio jamii njia hii imefanya makubwa. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati watu kutoka Rwanda na Burundi wamejaa Kagera, na iliwaeleza habari za maji, chanjo na ndugu waliopotezana. Lakini mradi una tarehe ya mwisho. Mfadhili akibadili vipaumbele, mtambo ukipigwa radi hakuna wa kuununua mwingine. Redio ya taifa haiwezi kupangiwa miaka mitatu mitatu.

Mchango wa kaya kupitia umeme

Hapa ndipo ningependa tukae.

Ujerumani waliacha kuuliza nani ana redio mwaka 2013. Kila kaya inachangia, iwe ina chombo au haina, na kiasi tangu 2021 kimekuwa euro 18.36 kwa mwezi. Italia walikuwa na ada ambayo zaidi ya robo ya watu walikuwa wakiikwepa. Mwaka 2016 wakaihamishia kwenye bili ya umeme, wakaishusha hadi euro 100 kwa mwaka, kisha 90 mwaka uliofuata. Wakwepaji wakapungua kabisa, na kwa sababu wanalipa wengi kila mmoja akalipa kidogo. Mauritius, nchi ya Afrika kama sisi, walikusanya ada ya utangazaji kwenye bili ya umeme kwa miaka mingi.

Sisi mfumo huo tunao tayari, tena wa malipo ya kabla. Tazama ujumbe wa LUKU unaokuja baada ya kununua umeme wa 10,000 kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Juu kuna tokeni ya tarakimu 20. Chini yake, kodi ya jengo 1,500 imeshakatwa. Katika 8,500 iliyobaki, VAT ya asilimia 18 inachukua kama 1,254, REA, yaani mchango wa umeme vijijini, asilimia 3 ni kama 209, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1 ni kama 70. Umeme wenyewe ni wa kama 6,967.

Ule mstari wa REA ndio unaonishawishi. Kwa miaka mingi mtu wa Nyamagana amekuwa akichangia umeme wa kijiji ambacho hajawahi kukanyaga, na hajaandamana. Nguzo zilionekana. Waliorudi kwao Magu au Misungwi wakati wa sikukuu walikuta taa zinawaka kwa mjomba. Watu hawachukii kuchangia. Wanachukia kuchangia kitu wasichokiona.

Linganisha na tozo nyingine. Mwaka 2013 ilipitishwa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Kelele zilipigwa nchi nzima na haikudumu. Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Septemba zikapunguzwa, na miaka iliyofuata zikazidi kulegezwa. Pale Kirumba Mwaloni, ambako mzigo wa dagaa hulipiwa kwa simu kutoka mnunuzi wa Dar es Salaam au wa Kongo, tozo ya kila muamala ilikuwa inakata mkono ule ule unaozungusha mtaji. Kwa hiyo anayesema "wakate tu kwenye simu, kila mtu ana simu" namwomba aikumbuke hesabu ile. Mchango kwenye mita ya umeme utakatwa mara moja kwa mwezi na haujali umepiga biashara mara ngapi.

Sasa hesabu. Chukua shilingi 300 kwa mwezi kwa mita. Kila mita milioni moja zitaleta milioni 300 kwa mwezi, bilioni 3.6 kwa mwaka. Ni fedha inayoweza kujenga na kulisha mitambo, na kwa kaya ni chini ya bei ya soda.

Pingamizi zipo, na kubwa ni la mpangaji. Kodi ya jengo ilipoingia kwenye LUKU Agosti 2021, ikianzia 1,000, wapangaji wengi walijikuta wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao. Sheria inawapa haki ya kumkata mwenye nyumba kwenye pango, lakini nani wa Igoma ataanza ugomvi na baba mwenye nyumba kwa 1,500? Lile lilikuwa kosa la kumkata asiyehusika. Mchango wa redio ni tofauti: anayesikiliza ni yule anayewasha taa, na hapo mita inamwangukia mtu sahihi. Nyumba ya vyumba vitano inayochangia mita moja itagawana 300, na kila chumba kitatoa 60.

La pili ni maskini. Hapa pia kazi imeshafanywa na watu wa umeme. Wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wapo kwenye kundi lao, D1, wanaouziwa uniti kwa shilingi 100. Wasamehewe wote. Haihitaji fomu, haihitaji barua ya mtendaji wa mtaa, kompyuta inawajua. Na wale wa visiwani wanaotumia sola ndogo hawatakatwa chochote, ingawa wao ndio watakaofaidika zaidi na mtambo mpya. Naona ni haki kabisa, kama mtu wa mjini alivyowachangia nguzo.

La tatu ndilo zito, na linanipeleka kwenye masharti. Ugiriki walikuwa wakikusanya fedha ya shirika lao la ERT kwenye bili ya umeme. Usiku wa Juni 11, 2013 serikali ilizima matangazo yake, watangazaji wakiwa kazini. Lilirudi hewani rasmi mwaka 2015. Fedha ilikuwa inatoka kwa wananchi, lakini swichi ilikuwa serikalini. Njia ya kukusanya peke yake haimlindi mtu.

Kwa hiyo sharti la kwanza: kiasi kisipangwe na waziri wala kwenye Sheria ya Fedha ya kila Juni. Kipangwe kwa miaka minne au mitano na chombo huru chenye wahasibu na watu wa utangazaji. Wajerumani wana tume ya namna hiyo. Mwaka 2020 ilipopendekeza nyongeza ya senti 86, jimbo moja, Saxony-Anhalt, likakwamisha kwa sababu za kisiasa. Mahakama ya Katiba ikaamuru Agosti 2021 nyongeza ianze. Senti 86 ni kitu kidogo, lakini zilionyesha kwamba mahakama inaweza kumzuia mwanasiasa anayeibana redio kwa kuishikia fedha.

Sharti la pili: akaunti ya peke yake, ikaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na fungu la kwanza liende kwenye usikivu wa maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara pamoja na taarifa za hali ya hewa na majanga. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia, tayari umewahi kugharamia mitambo ya redio ya TBC pembezoni, hivyo si jambo geni. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, watu 228 walikufa. Redio isingekizuia kivuko kile kupinduka. Lakini kisiwa chenye usikivu wa uhakika kina mahali pa kuuliza, wiki hadi wiki, kivuko kinabeba watu wangapi na nani anahesabu.

Nikubaliwe kuongeza la tatu, kwa ajili ya jirani zetu wa redio binafsi: fedha ya LUKU ikianza kuingia, shirika la umma lipunguze matangazo ya biashara. Haliwezi kula meza zote mbili.

Wewe uchague ipi?

Inategemea umesimama wapi, na sioni aibu ya kusema hivyo. Kama una kituo cha redio au unatafuta riziki kwenye matangazo, bajeti na LUKU zote mbili zinakufaa kuliko hali ya sasa, mradi sharti la matangazo liandikwe kwenye sheria. Kama umeajiriwa na unakatwa kila mwezi, ogopa kodi ya kipato ya mtindo wa Finland, na pia ogopa kuongezewa mstari mwingine LUKU bila msamaha wa D1 kuandikwa. Kama biashara yako inategemea miamala ya simu, kataa mapema wazo lolote la kukata huko.

Na kama huamini kwamba chombo huru kitakuwa huru, basi chagua bajeti na upiganie jambo moja dogo: fungu la utangazaji lipangwe kwa miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja. Nakuelewa. Mimi bado naona LUKU ni bora, kwa sababu mstari unaosomeka kwenye ujumbe wa simu yangu unanipa haki ya kuuliza kila mwezi, wakati ndani ya bajeti shilingi yangu siioni.

Kila mwaka, kabla Bunge halijapitisha Muswada wa Sheria ya Fedha, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Vyama vya wavuvi, vikundi vya wachuuzi wa dagaa na klabu ya waandishi wa habari wanaweza kuandika. Barua iwe na mambo manne tu: shilingi ngapi kwa mita, nani asamehewe, nani apange kiasi, na mtambo wa kwanza ujengwe kisiwa gani. Hilo la mwisho msiliache wazi. Liandikeni kwa jina.